Kuhusu Matembezi ya Figo za Bibi Mwanakuu

Kwa Daktari Shifa,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na wote nyumbani ni wazima. Mimi ni Ruweida, mjukuu aliyemleta Bibi Mwanakuu kwako kupimwa. Ulimwambia figo zimeanza kuchoka, atembee kila siku ili presha ishuke nazo zipate nafuu. Kwa heshima, nakuomba uufute ushauri huo, kwa sababu hizi:

1. Katika njia ya mtaa wetu, Ndia Kuu, mtu hatembei, huamkia. Kila baraza lina mtu, na kila mtu ana jamaa wa kuulizwa hali mmoja mmoja, hata walioko Maskati. Mlango tukiuruka, kesho mwenyewe amenuna. Tukitoka baada ya alasiri, magharibi hutukuta hatujafika kona.

2. Akiulizwa, "Bibi Mwanakuu, waendapi?" hujibu, "Sendi popote. Natembeza figo." Basi figo zimekuwa wagonjwa rasmi wa mtaa, na mgonjwa hazuriwi mikono mitupu. Halwa, sambusa, achari! Chumvi uliyomkataza jikoni anaipata barazani, tena kwa kubembelezwa.

3. Wanawake wenzake sasa wanamfuata. Juzi Karisa, msukuma mkokoteni, alisimama juani na magunia yake hadi figo zote zikapita.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kwenye kila nyumba yenye kijana asiyeoa, Bibi hunisukuma mbele na kusema, "Huyu wangu figo zake nzima, zote mbili." Nina shahada, Daktari. Hakuna aliyeuliza ya nini. Mama wa mmoja wa vijana hao, Ayman, ameuliza kama naweza kupimwa mbele yake.

Kwa hivyo naomba Bibi aamriwe kuketi. Nitatembea mimi kwa niaba yake, peke yangu, kwa vichochoro vya nyuma, nimeinamisha kichwa. Damu yetu ni moja. Sioni kwa nini figo zake zisifaidike.

Nifikishie salamu kwa wauguzi wote, na kwa bawabu aliyemshika Bibi mkono langoni.

Mimi mwenye kutaabika kwa adabu,
Ruweida Taib

Baada ya kutia sahihi: Bibi amepanda ngazi hadi chumbani kwangu, ghorofa ya juu kabisa, asikofika tangu mwaka juzi, wala hakuhema. Amesimama nyuma yangu akitaka kujua naandika nini. Nimemwambia ni barua ya shukrani. Tafadhali ijibu hivyo.