Shikamoo Iliyomuua Mzee Radi

Leo nimeadhirika. Sebuleni kwetu, Kihonda, mchana kweupe, mbele ya mama yangu mzazi.

Kwa msiojua: kila Jumamosi mimi na rafiki zangu Juma na Side tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza. Kila mtu anajitungia shujaa wake, tunarusha dadu, na mimi ndiye msimulizi. Sheria nimetunga mimi. Adui naigiza mimi. (Ndiyo, nina miaka thelathini na moja. Tuendelee.)

Adui mwenyewe ni Mzee Radi, mchawi wa miaka mia tisa anayeishi kileleni Uluguru. Wiki saba hawajamgusa! Ana uchawi wa daraja la tisa, Radi Saba, unaofagia kila kitu. Sharti lake moja tu: azitamke radi zote saba bila kukatishwa.

Leo akaja Rehema, mchumba wangu. Mama hakujua kama ni mchumba. Nilimwambia ni "mwenzetu wa mchezo". Rehema kwao ni Kinole, na ana mwaka sasa ananiomba nikajitambulishe kwa baba yake. Mara nina mafua, mara barabara imeharibika, mara mvua. (Namwogopa yule mzee, basi.)

"Tuwekeane dau," akasema Rehema mama alipokuwa jikoni. "Nikikushinda leo, Jumamosi ijayo unapanda Kinole."

Nikacheka! Nikakubali mbele ya mashahidi. Shujaa wa daraja la kwanza, hata siku moja hajamaliza, amshinde Mzee Radi? Nikampa orodha ya uchawi mdogo achague mmoja. Kuwasha mshumaa, kufukuza inzi, vitu vya namna hiyo.

Akasoma taratibu. "Nachukua huu. Salamu."

Salamu niliiandika kujaza karatasi tu. Hakuna aliyewahi kuichagua.

Tukaanza. Juma akajeruhiwa. Side akageuzwa jiwe. Nikapanda juu ya kochi, shuka begani, nikanguruma:

"Radi ya kwanza, pasua! Radi ya pili, choma! Radi ya tatu..."

"Shikamoo, babu," akasema Rehema.

Nikajifanya sijasikia. "Radi ya tatu..."

"Ngoja kwanza," Juma akaidaka karatasi. "Hapa umeandika: 'Anayesalimiwa lazima aitikie kwanza, hata awe nani.' Si mwandiko wako huu?"

"Mzee Radi haitikii watoto!"

Hapo mama akatokea jikoni na mwiko wake.

"We Hamisi! Unapewa shikamoo unanyamaza? Nani kakufundisha hayo? Na ushuke kwenye kochi langu!"

"Mama, ni mchezo..."

"Itikia!"

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ya kuku mgonjwa.

Uchawi ukakatika. Nikaanza upya. Radi ya kwanza tu, Rehema huyo:

"Habari za kileleni, babu?"

"Nzuri."

"Bibi hajambo?"

"Hajambo." (Mzee Radi hajawahi kuoa.)

"Migomba imezaa?"

"Imezaa."

"Na karafuu je?"

Jamani, sheria yangu haikusema salamu zinaishia wapi! Mimi naitikia, Juma anarusha dadu na kukata kwa upanga. Naitikia, anakata. Mzee Radi, aliyemaliza majeshi, amekufa akieleza hali ya karafuu.

Nikapinga. Nikasema sheria ina kasoro. Nikasema dadu ina hila. Sauti ikatetemeka kidogo. (Sikulia. Mama alikuwa anakaanga vitunguu.)

Rehema akaikunja ile karatasi. "Haya. Jumamosi, Kinole. Baba nampigia leo leo."

"Baba wa nani?" akauliza mama.

Nikainama kuokota dadu. Halafu Side, ambaye kwa mujibu wa mchezo bado alikuwa jiwe, akafungua mdomo:

"Mama, huyu si ndiye mchumba wake? Anaenda kujitambulisha ukweni."

Mama akanitazama mpaka nikatamani kugeuzwa jiwe na mimi. Kisha akamkumbatia Rehema, akamkalisha kwenye kiti changu na kumpa sahani yangu ya pilau. Mimi nikatumwa soda dukani. Nimefika dukani ndipo nikagundua shuka bado iko begani. Watu wote wa foleni wamenisalimia shikamoo.

Nimerudi, nimekuta safari imeshapangwa bila mimi. Msinicheke tafadhali, nina mzigo wa kutosha: mshenga wangu ni Juma. Mama amemteua mwenyewe, anasema anaonekana mtu wa kumaliza kazi.