Tulivyomwendea Bosi na Sufuria ya Sombe

Jamani, hii sura yangu ya leo sijui niiweke wapi. Nimefika nyumbani sasa hivi, nimejifungia chumbani, na kabla hamjaisikia habari hii kwa Mama Furaha (ambaye ataongeza chumvi, namjua), acheni niwaambie mwenyewe.

Mnajua mimi na Mama Furaha tunapokea simu za wanafunzi pale chuoni. Tunalipwa kwa saa. Wenzetu walioajiriwa kwa kudumu wanapokea simu hizohizo wakiwa kwao, miguu juu ya kochi, tangu hii korona ianze. Sisi wa saa tuliambiwa tuje ofisini. Simu ni ileile, mwanafunzi anayelia ni yuleyule, lakini mapafu yetu eti ni ya aina nyingine.

Na mimi naishi na mama yangu hapa Langley Park, huku ughaibuni, na mama ana pumu. Kila nikitoka kazini naoga, halafu namsalimia nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba chake, barakoa usoni. Inaniuma, siwadanganyi. Kwa hiyo bosi wetu, Bi. Linda, aliposema kwamba Jumatatu hii atatupigania kwa wakubwa ili nasi tufanyie kazi nyumbani, usiku huo nililala usingizi wa pono.

Leo asubuhi nikamwandikia barua pepe kumkumbusha. Jibu likaja papo hapo, lile linalojituma lenyewe: "Leo sipo kwa sababu za kiafya. Sitasoma ujumbe wowote."

Sababu za kiafya. Wakati wa korona. Hasomi ujumbe wowote. Nikamwonyesha Mama Furaha. Akavua miwani.

"Eeh Mungu. Linda iko malade, iko mugonjwa," akasema. "Na anaishi ye moja. Nani atamupikia?"

"Na Jumatatu nani ataongea na wakubwa?" nikasema. (Ndiyo, hilo ndilo nililowaza kwanza. Mungu anisamehe.)

"Tuende tumuone."

"Mama Furaha, ni korona. Hatuwezi ingia kwa nyumba ya mtu hivyo tu. Kuna rules."

"Tutasimama inje, tutaimba, tutaacha chakula ku mulango. Ama unataka mugonjwa akae bila kuonwa?"

Nimelelewa Nyamira. Kwetu mtu akiumwa hata jino, kina mama wanafika na vikapu kabla ya dawa. Mtu kuugua halafu hakuna aliyekuja kumwona, hiyo ni aibu ya ukoo mzima.

Leo ni Ijumaa, na Ijumaa tunafunga saa sita mchana. Tukapitia kwangu, mama akanipitishia thermos ya uji wa wimbi pale mlangoni. Tukapitia na kwa Mama Furaha, akabeba sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, aliyokuwa amewapikia watoto wake (watoto wamekula piza leo, wala hawajalalamika). Tukapambana na foleni ya pale wanapojenga reli mpya hadi Greenbelt. Kwa Bi. Linda napajua, kwa sababu nilishampelekea kompyuta ya ofisi ili afanyie kazi nyumbani. Ndiyo, ni mimi niliyeipeleka, tena kwa basi.

Tukabisha. Kimya. Tukabonyeza kengele. Kimya. Tukarudi nyuma hadi kwenye nyasi, barakoa juu, tukaimba ubeti mmoja wa wimbo wa faraja. Jirani akafungua dirisha. Wa ng'ambo naye akatoka na mbwa. Kwa Bi. Linda, kimya.

"Labda amezidiwa," nikasema.

Tukazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa kioo. Nikachungulia.

Bi. Linda alikuwa amelala chali kwenye kiti kirefu. Amevaa joho jeupe. Mikono imekunjwa kifuani. Mishumaa inawaka kulia na kushoto, mchana kweupe. Juu ya macho kuna vitu viwili vya mviringo. Na uso, ndugu zangu, uso wake ulikuwa kijani.

Mama Furaha akaweka sufuria chini polepole. "Amesha kufa," akasema.

"Sasa nani amewasha mishumaa?"

Alikuwa ameshapiga magoti na kuanza wimbo wa kuaga. Mimi nikapiga simu ya dharura.

"Anapumua?" akauliza dada wa kwenye simu.

"Sioni vizuri. Amekuwa kijani."

"Kijani vipi, mama?"

"Kama sukuma wiki. Ile imeiva sana."

Dada akasema wanakuja. Mimi nikaanza kugonga kioo huku nalia. Nilimlilia Bi. Linda, nikamlilia mama yangu, nikaililia Jumatatu. Nililia mpaka barakoa ikalowa.

Hapo marehemu akanyoosha mkono, akashika glasi, akanywa juisi kwa mrija.

Wimbo wa Mama Furaha ulikatika katikati ya neno. Marehemu akaondoa kile kitu cha jicho la kushoto, akakila. Kumbe ni tango. Akachomoa vidude vya muziki masikioni, akageuka, akatuona tumebandika pua kwenye kioo chake. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Nasi tukapiga wetu.

Ving'ora vikafika. Na nchi hii ukiita ambulensi, inakuja pamoja na gari la zimamoto. Wakashuka wanaume waliojifunika kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa," akasema Bi. Linda, joho mwilini, parachichi lililopondwa likimchuruzika kidevuni.

Yule jamaa akanigeukia. "Ni wewe uliyesema sukuma wiki?"

Nikaitazama thermos yangu.

Walipoondoka (majirani wote nje, mmoja anarekodi), Bi. Linda akakaa kwenye ngazi, mbali nasi, akauliza kwa upole nani alitwambia anaumwa. Nikamsomea ujumbe wake mwenyewe. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hiyo ni siku ya kupumzisha akili," akasema. "Chuo kinatupa kila mwezi, kwa sababu ya msongo wa hii korona. Kwani ninyi zenu mnazitumiaje?"

"Zetu zipi?" nikauliza.

Kicheko kikaisha. Akanitazama, akamtazama Mama Furaha, akaitazama sufuria.

"Hamna hata moja?"

"Hatuna."

Mama Furaha, bila ubaya wowote, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mutu analala, anajipakaa avoka, na analipwa?" Sikutafsiri. Bi. Linda akataka kujua amesema nini. Nikatafsiri.

Akainuka, akachukua simu, akampigia mkubwa wake palepale, kwa video, na ule uso. Mkubwa akauliza kama yuko salama. "Achana na uso wangu," akasema Bi. Linda, "nina mambo mawili na hayangoji Jumatatu." Akaingia ndani, akafunga mlango wa kioo. Tulimwona anatembea huku na huku akirusha mikono, mishumaa bado inawaka. Alipotoka alikuwa na kijiko, na sombe ikapungua.

Ujumbe wake umeingia jioni hii. Kuanzia wiki ijayo simu tutazipokelea nyumbani, na siku ya kupumzisha akili nasi tumepewa, yenye malipo. Nimeenda kumwambia mama, nikiwa palepale mlangoni. Akaniuliza, "Kwa hiyo nitakuona uso?"

Siku yangu nimeiweka baadaye mwezi huu. Nitalala chali, parachichi usoni, simu nimezima. Nawaomba kwa heshima zote, asije mtu kuniona. (Sufuria mnaweza kuacha mlangoni.)