Dume wa Kituo cha Cnoc na Sceach

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Maonyesho ya Farasi, Makamu wake, ambaye pia ni shemeji yangu, wakataji wa mboji ya kuwashia moto na wavunaji wa mwani, mabibi, mabwana, na farasi mliohudhuria: awali ya yote, naomba radhi kwa ukimya wangu wa miaka miwili na miezi minne, ambao haukuwa wa uzembe, bali wa kimkakati. (Sauti: "Tulidhani umekufa, Fiachra!" Kicheko.) Sikufa, ndugu yangu. Nilikuwa katika mchakato.

Mimi, Diwani Fiachra Ó Draighneáin, mwasisi wa Kituo cha Asili na Ubora wa Farasi Wadogo wa eneo letu la Connemara, hapa kijijini Cnoc na Sceach, nitaanza na asili. Wazee wetu husimulia kwamba meli za Wahispania zilivunjika katika miamba yetu, farasi wao wakaogelea hadi ufukoni, wakakutana na farasi wetu wa milimani, na bila kikao wala muhtasari, mambo yakaenda. ("Hapakuwa na kamati!") Hapakuwa, na ndiyo maana hatuna takwimu.

Kuhusu ubora, utafiti nilioufanya mwenyewe, dirishani, siku ya mvua, unaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya farasi hawa ni wapole; kwamba hushiba majani ya baina ya mawe, mahali ambapo mbuzi angeomba uhamisho; kwamba huvuka kinamasi bila kuzama, jambo ambalo mimi asubuhi hii sikuliweza, kama mnavyouona mguu wangu wa kushoto; na kwamba huruka ukuta unaomfikia mtu kifuani kana kwamba—

(Bibi Sorcha Ní Chualáin anasimama, ameshika kamba ya farasi wake jike wa kijivu. "Diwani, dume wa Kituo uliyetuahidi yuko wapi?")

Swali zuri, Bibi, nitalifikia.

("Lifikie sasa! Smólach wangu huyu ana miaka ishirini. Ndiye wa mwisho wa ukoo wa farasi aliouacha mama yangu. Joto lake la kupandwa linakwisha kesho, na mwakani hatashika mimba tena. Uliniandikia nisimpeleke kwa dume mwingine!")

Niliandika hivyo ili takwimu za Kituo zisichafuke.

("Dume wangu yuko nyuma ya ukuta huo, mama," asema Peadar, jirani yake. "Amekaguliwa, ana cheti. Nilikwambia tangu mwaka juzi." "Nyamaza, Peadar, nilikuwa nimeahidiwa na serikali." Kicheko kirefu.)

Utulivu, wadau! Tuitikie kaulimbiu zetu. Farasi mdogo! Maendeleo makubwa! (Mtu mmoja anakohoa.) Asanteni kwa mwitikio.

Sasa shukrani. Namshukuru muungwana wa gulio la Oktoba, ambaye, kwa mujibu wa mila yetu ya kufunga biashara, nilitema mate kiganjani nikapigana naye kiganja mara tatu, nikiwa nimemnunua dume bora kuliko wote. Ni kweli kwamba baadaye ilibainika kuwa muungwana huyo alikuwa amemshikia kamba tu mwenye farasi, aliyekwenda kunywa chai, hivyo dume akabaki kwa mwenyewe. ("Ulipigana kiganja na mshika kamba?" "Wewe mtoto wa hapa humjui mwenye farasi?" Mwenyekiti wa Maonyesho anaficha uso kwa kofia.) Alikuwa na uso wa umiliki! Nawashukuru pia wafanyakazi wa Kituo, watakaoajiriwa, wajenzi, watakaotafutwa, na kinamasi hiki tulimosimama, ambacho ndicho ukumbi wa mikutano.

(Bibi Sorcha anaitazama kamba. Anaifungua shingoni mwa Smólach.)

Bibi, mrudishe! Bibi! (Smólach anapiga hatua tatu, anauruka ukuta. Upande wa pili dume wa Peadar analia kwa furaha. Makofi ya kwanza ya siku hiyo.)

("Bibi Sorcha, nikawatenganishe?" "Ukithubutu, Peadar, nitakutia kinamasini.")

Ndugu wadau, mmeshuhudia mruko. Ndiyo sifa ya nne niliyokuwa naieleza, na naelekeza iingizwe katika taarifa kama mafanikio ya awamu ya kwanza. Ama kuhusu kinachoendelea nyuma ya ukuta, hakijaidhinishwa. Kamati, itakapoteuliwa, italijadili suala la kukiruhusu au kukizuia, na mara tu uamuzi utakapotolewa, Bibi Sorcha, nitakuandikia.