Bangili ya Anti Mwendwa

Jumatatu, Juni 4, 2007

Jackie wa uhasibu amerudi kutoka Dubai. Tumejua. Upper Hill yote imejua. Ana bangili ya fedha yenye vidude vinavyoning'inia, kimoja kwa kila mahali alipowahi kukanyaga, na leo kimeongezeka kighorofa chembamba. Akichapa barua, mkono wake unalia kama mbuzi mwenye kengele. Saa ya chai wote walimzunguka. Hata meneja! Simu ya mapokezi ililia mpaka ikakata tamaa, kwa sababu na mimi nilikuwa hapo, nikitazama.

Safari yangu ndefu kuliko zote ni Mombasa, ya shule. Nilitapika kuanzia Mtito Andei. Hakuna kidude cha hiyo.

Jackie aliniuliza, mbele ya watu, kama mimi huwa natoka mtaani kwetu Satellite hata siku ya sikukuu. Wakacheka. Sawa. Tutaona.

Jumanne, Juni 5

Nina mpango. Mzuri mno.

Anti Mwendwa, dada wa baba, alikuwa nesi Uarabuni na Uskoti kabla ya kustaafu na kurudi Kabiria kufuga kuku. Ana bangili ya namna hiyohiyo, imejaa vidude mpaka haina nafasi. Nimepita kwake baada ya kazi. Nikamwambia imefifia, aniachie nimpelekee sonara mjini aisugue.

Alisita. Hajawahi kuivua, alisema, isipokuwa akioga. Halafu akaanza kunieleza kidude kimoja kimoja: huyu ngamia alimpata mwaka gani, hii kengele alipewa na nani. Kipindi changu cha runinga kilikuwa kimeanza. Aliponiuliza kama nasikia, nikasema nasikia kila neno.

Nimelala nayo mkononi. Ngamia amenichoma shavu.

Jumatano, Juni 6

Ushindi!

Niliingia kazini na blauzi ya mikono mifupi, ingawa baridi ya Juni si mchezo. Kufikia saa nne walikuwa kwangu wote. Ngamia? Riyadh, nilialikwa harusi. Kengele? Uswisi, kuna ng'ombe wengi. Treni? Ah, treni ni hadithi ndefu, tuiache, inaniuma. Hannah wa idara ya madai alinishika bega.

Mzee Karanja wa getini tu ndiye aliyeharibu. Aliitazama bangili, akaniuliza kwa sauti ya chini ni mganga gani amenifunga hizo hirizi, na kama nimewahi kuzungumza na pasta.

Jackie alikuja wa mwisho. Akashika kidude kidogo kuliko vyote, kiatu cha mtoto. Hicho ni cha wapi? Nikasema Italia. Kule ni viatu tu, kila mahali viatu. Hakucheka. Alikishikilia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Alhamisi, Juni 7

Jackie ameniomba kile kiatu. Ameniomba! Mtoto wake ameanza kutembea juzi, na yeye alikuwa Dubai. Hatua ya kwanza iliangukia mikononi mwa yaya. Anataka kitu cha kukumbuka. Atanipa mnara wa Paris, anayo miwili.

Nilijifanya nafikiria. Kiatu kimesagika, hakina hata kamba. Mnara unang'aa! Tukabadilishana chooni kwa kutumia kibanio cha nyusi. Anti hataona. Macho yake yanasumbua, kesho anaenda kliniki.

Sasa nimefika Paris.

Ijumaa, Juni 8

Mwisho wangu.

Kliniki ya macho, kumbe, ni hatua chache kutoka ofisini. Saa sita niliinua kichwa na Anti Mwendwa alikuwa mbele ya meza yangu, na miwani mipya, na trei ya mayai ya kunitunukia. Jackie alikuwa kando yangu akisubiri faksi.

Anti aliiona bangili mkononi mwangu. Akafurahi imesuguliwa (sikuwa nimeisugua). Halafu, kwa kuwa Jackie alikuwa ametega sikio, akaanza. Ngamia: Riyadh, wodi ya wazee. Kengele: ya mgonjwa wa Uskoti asiyeweza kuita kwa sauti; aliitumia kumwita Anti usiku, akamwachia alipofariki. Jackie alisikiliza huku akinitazama mimi. Niliomba simu ilie. Haikulia.

Ndipo Anti akaizungusha bangili mara mbili.

"We Nzisa, kiatu chako kiko wapi?"

Changu?

Akamgeukia Jackie. Akasema mama yangu alipolazwa baada ya kunizaa, yeye ndiye aliyenilea. Nilipiga hatua ya kwanza kwenye varanda ya nyumba za manesi, nikimfuata yeye na sanduku lake, siku aliyoondoka kwenda Riyadh. Alilia safari nzima ndani ya ndege. Kwa mshahara wa kwanza alinunua kile kiatu. Hiyo bangili yote ilianzia hapo.

Nikafungua mdomo. Kikatoka kilichozoea kutoka: kiko kwa fundi.

Halafu Jackie akavua bangili yake, akakibandua kiatu kwa kucha, akakiweka kwenye kiganja cha Anti.

"Mimi ndiye fundi, mama," akasema. "Samahani kimechelewa."

Anti akatazama mnara wa Paris, akanitazama mimi. Alichukua bangili yake na mayai.

Jumamosi, Juni 9

Nimeenda Kabiria alfajiri, kabla ya nusu siku yetu ya Jumamosi ofisini. Nimelia kweli, mpaka kuku wakakimbia. Anti aliniacha nimalize, akanipa chai, akanirudishia mnara wa Jackie, akanifunga mkononi mnyororo mpya wa fedha, mtupu. Akasema niweke humo tu pale ambapo miguu yangu mwenyewe imefika, na hata Machakos ni mahali.

Nimemwahidi. Jackie nimemrudishia mnara wake na kumshukuru. Alisema ni sawa, nimuunganishie simu ya benki.

Mimi ni mtu mpya. Sitadanganya tena.

Jumatatu, Juni 11

Kuna mhasibu mpya, anaitwa Kitavi. Mrefu! Anavaa tai kama aliyezaliwa nayo. Aliegemea meza yangu akauliza mbona mnyororo mzuri hivi hauna kitu.

Nilikusudia kusema ukweli. Ulikuwa tayari mdomoni. Nikasikia sauti yangu ikisema vidude vyote viliibwa uwanja wa ndege wa Istanbul.

Alisikitika sana. Akasema pole, na kwamba aliishi huko miaka miwili akisoma, na hajapata mtu wa kuzungumza naye habari za mji ule. Tunakula chakula cha mchana pamoja Alhamisi.

Kufikia Alhamisi lazima nijue Istanbul iko nchi gani.