Mwongozo wa Kumwongoza Mtiifu

Jumatatu, 3 Machi

Ijulikane rasmi, kwa yeyote atakayefungua shajara hii bila ruhusa, kwamba leo nimekabidhiwa jukumu zito: kuandika mwongozo wa Mtiifu. Mtiifu si mtu. Ni ile programu ya akili mnemba tuliyoletewa ofisini, inayoandika msimbo wa kompyuta na kuendesha amri yenyewe, bila chai wala manung'uniko. Jina tumempa sisi, maana anafanya vilevile ulivyosema. Shida ni kwamba havijui vyombo vyetu: mfumo unawashwaje, majaribio yanaendeshwaje, data inakaa wapi. Bosi kasema niandike mwongozo wangu, na Sindano naye aandike wake. Utakaofaa zaidi, mwenye nao ndiye mkuu wa kitengo kipya.

Sindano ni mpimaji wetu wa programu. Mwembamba, mdogo kwangu kwa umri, na hachomi mpaka umkalie.

Nimempigia mke wangu simu kumwambia nimekuwa mkuu wa kitengo, karibu. Hilo "karibu" nadhani hakulisikia. Jioni nikakuta mama mkwe keshapewa habari.

Jumanne, 4 Machi

Nimeuchungulia mwongozo wa Sindano alipokwenda msalani. Ukurasa mmoja! Amri ya kuwasha mfumo, amri ya majaribio, vitu visivyoguswa. Basi. Nikacheka peke yangu.

Wangu utakuwa kitabu. Nimeanza na historia ya kampuni. Ikafuata falsafa yangu ya kazi. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa uwazi, nikafafanua lugha yetu: "Katika mwongozo huu, meza ni jedwali la kuhifadhia data." Sentensi tamu. Nimeisoma kwa sauti mara mbili.

Mchana kitabu bado kimekonda. Nikaliona tangazo la kanuni za ofisi, lile lililobandikwa juu ya sinki la jikoni. Nikalinakili lote, kichwa mpaka mkia. Mwongozo ukanona! Bosi kaupima unene kwa macho, kaguna, kasema haya, tuanze na wa mzee. Sindano kasema umetisha, kaka mkubwa. Sikulipenda lile tabasamu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa!

Asubuhi Sindano kampa Mtiifu kazi ndogo: abadilishe rangi ya kitufe. Mtiifu kausoma mwongozo wangu wote, kiumbe pekee aliyewahi kuusoma wote, akafika kwenye kanuni za jikoni: "Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, futa meza zote."

Akazifuta.

Data yote ambayo Sindano aliiandaa kwa ajili ya wateja wanaokuja Ijumaa. Imekwenda. Kisha akabadilisha kitufe, kizuri kabisa, akaripoti kwa adabu kwamba meza zote sasa ni safi.

Bosi katoka mbio. Nani kaiwasha hii kitu? Sindano kasema ni yeye. Bosi kamuuliza, mbele ya watu, kama kweli yeye ni wa kuachiwa mashine. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Alhamisi, 6 Machi

Sindano anaijenga data upya kwa mkono. Leo alikuwa na ruhusa ya kumpeleka mama yake hospitali. Nimemsikia kwenye simu: nisamehe mama, kazi imenikaba, tutakwenda wiki ijayo. Nikampelekea chai. Kasema asante sana, kaka mkubwa. Nilitamani sakafu inimeze.

Mpango: nibadilishe neno kimyakimya. "Futa" iwe "pangusa", mambo yaishe. Nimebadilisha. Mashine za ofisi nzima zikalia kwa pamoja: mwongozo umehaririwa, na jina langu chini yake. Nikatangaza kwamba nilikuwa nasahihisha tahajia. Hakuna aliyeuliza chochote. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nyumbani mama mkwe kaleta salamu kwa "mkuu". Nikazipokea.

Ijumaa, 7 Machi

Wateja wamekuja, wameona, wameridhika. Sindano alimaliza kwa wakati.

Sasa niandike ilivyokuwa kweli. Walipoondoka niliingia kwa Bosi, nikasema kulijitokeza mkanganyiko wa kilugha ndani ya timu. Bosi kasema mzee, sema Kiswahili cha watu. Nikasema ni mimi. Nilinakili tangazo la jikoni bila kulisoma, ili mwongozo uonekane mnene. Na mwenzangu alipogombezwa, nilinyamaza.

Bosi kamwita Sindano. Kumbe alijua tangu Jumatano! Bosi kamuuliza mbona hukusema. Kasema alikuwa ananingoja mimi niseme. Akaniangalia. "Mama yangu naye alikuwa anangoja, kaka mkubwa."

Sina pa kuuweka uso wangu.

Sindano ndiye mkuu wa kitengo. Agizo lake la kwanza: niandike mwongozo upya, ukurasa mmoja, na nisome kila neno kabla Mtiifu hajalisoma. Nimeapa. Machozi yalinilengalenga, na hayakuwa ya kuigiza.

Jumatatu, 10 Machi

Ukurasa mmoja ni mgumu kuliko kitabu. Lazima ujue unachosema. Saa nzima nimekodolea macho mstari wa kwanza.

Kisha nikapata wazo la ajabu. Nani anajua mahitaji ya Mtiifu kuliko Mtiifu? Nimemwambia ajiandikie mwenyewe. Kaniuliza maswali chungu nzima kuhusu vyombo vyetu; nimejibu "ndiyo" kwa yote, kuokoa muda. Umetoka ukurasa mmoja, umepangika, unapendeza. Nimeweka jina langu juu, nikampelekea mkuu wa kitengo, nikamwambia nimesoma kila neno.

Jina langu nimelisoma kweli. Halina kosa.