Kopo la Baba na Tomati za Kwenye Kokoto

Leo nimejivua nguo mbele ya watu kumi na saba. Kitenge kilikuwa kiunoni, blauzi imefungwa mpaka shingoni, lakini nimebaki uchi. Nawaandikia mapema, ninyi rafiki zangu wa Kakanda, kabla Mama Zaina, jirani wa bustani, hajawaletea hadithi yake. (Shemeji yake ni dreva. Habari zake zinafika kabla ya mzigo.)

Mnaijua bustani ya nyuma ya dispansari, ile isiyo na udongo. Tangu Katanga ijitenge na barabara zijae askari, malori ya mboga yanakuja yanapotaka. Ndipo monita wa kilimo wa serikali, bwana tunayemwita musyé Albert, akajenga vitanda vya saruji, akavijaza kokoto, akapanda tomati humo. Chakula chao ni maji ya tangi yaliyotiwa mbolea. Tomati zikiiva, watoto waliolazwa ndio watakula kwanza.

Na mlinzi wa maji hayo ni mimi. Kila asubuhi nachota kidogo, natumbukiza kijikaratasi. Kikigeuka chekundu, maji yamechachuka, naongeza chokaa. Kikigeuka buluu, chokaa imezidi. Kikibaki zambarau, tomati ziko salama. Kazi ya mtu aliyesoma! (Miaka minne ya sekondari kwa masista. Nitawakumbusha tena mbele, vumilieni.)

Sasa basi. Wiki tatu sasa, tangu nianze kazi hii, kijikaratasi kinatoka chekundu. Natia chokaa. Kesho yake chekundu. Natia tena. Chekundu! Na tomati zinageuka manjano, kuanzia majani machanga ya juu. Mnadhani nililala?

Nikajiuliza: nani anatia kitu kichachu katika tangi langu? Jibu lilikuwa hatua ishirini tu, kwenye bomba. Mama Zaina! Anapika achari ya ndimu ya kuuza, na mitungi yake anaioshea pale pale, kila siku, akiimba. Muntu mwenye kuimba vile ana jambo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya musyé Albert kuamua. Bustani ikiwa nzuri, napewa ufunguo wa bustani, kazi inakuwa yangu kabisa. Ikiwa mbaya, anaifunga, tangi linakwenda kwa wafua nguo wa dispansari. Nikaamka, nikamfunga mwanangu Odette mgongoni, nikachukua kopo langu la kupimia.

Hilo kopo lazima niwaeleze. Ni la shaba, baba alilifua kwa mikono yake, lina misalaba mitatu ubavuni, akanipa siku ya harusi yangu. Kila asubuhi nalisugua kwa ndimu na mchanga mpaka linawaka. Halafu silisuuzi, nalipangusa tu kwa kitambaa, kwa sababu baba alinifundisha kwamba shaba ukiisuuza kwa maji ya bomba inaota madoa. Nani atapimia maji ya serikali kwa kopo lenye madoa?

Musyé Albert akafika. Bamama wa bomba wakasogea na ndoo zao, wagonjwa wawili wakatoka na mablanketi. Akashika jani la manjano.

"Mama Odette, hii bustani iko na shida gani?"

"Iko na adui, musyé! Na adui mwenyewe amesimama pale na mutungi."

Mama Zaina akageuka taratibu, akajigusa kifua. "Minye?"

"Njo weye! Unamwanga achari mu mayi ya batoto bagonjwa!"

"Mama yake Odette, unalala na homa ao?"

"Homa? Ngoja karatasi iseme!"

Nikachota maji ya tangi. Nikainua kopo juu, watu wote walione linavyowaka. (Najua. Najua.) Nikatumbukiza kijikaratasi. Chekundu kama bendera.

"Mumeona?" nikapiga kelele. "Minye nimesoma! Karatasi haijue kusema uongo!"

Watu wakaguna. Mmoja akamwambia Mama Zaina aone haya. Mimi nimejaa hewa, karibu nipae.

Mama Zaina akauweka mtungi chini. Akaingia kwake, akatoka na birika lake la maji ya kunywa, akanywa funda moja mbele yetu, akamwaga maji ya tangi, akanijazia kopo.

"Pima na haya."

Nikapima. Chekundu.

"Sasa minye nakunywaka achari mu birika?"

Musyé Albert akachukua kijikaratasi kingine, akakitumbukiza moja kwa moja ndani ya tangi. Kikatoka buluu. Buluu ya yunifomu ya shule! Akaniangalia. Akaliangalia tangi. Akaangalia gunia langu la chokaa, limebaki robo.

"Mama Odette, karatasi moja nyekundu, moja buluu, mayi ni moja. Kopo hii unaisafishaka na nini?"

Ningejibu. Nilikuwa natafuta jibu zuri la mtu aliyesoma. Lakini Odette, mtoto wangu mwenyewe, niliyehangaika siku mbili kumzaa, akanyoosha mkono juu ya bega langu, akavuta kopo, maji yakamwagika kifuani mwangu, akaliramba ukingo.

Mnamjua mtoto wa miezi kumi akionja ndimu? Jicho moja likajifumba, midomo ikakunjamana, mwili wote ukatetemeka. Halafu akaramba tena!

Bomba zima likalipuka kwa kicheko. Mgonjwa mmoja alicheka mpaka akashika mshono wake.

"Huyu mutoto njo avoka yangu, amenitetea!" Mama Zaina akapiga makofi. "Na ile ndimu, Mama Odette, unainunuaka wapi?"

Kwake. Kila Jumatatu, ndimu sita. Wiki tatu nimenunua ushahidi kwa mshtakiwa, nikaupaka kwenye kopo, nikailisha mimea chokaa!

Haya, kosa ni langu. Nimemwomba Mama Zaina msamaha mbele ya wale wale kumi na saba. Lakini nina hasira! Hizo karatasi zilikuja na maelezo ya kurasa nne za Kifaransa, nimezisoma zote, hakuna mahali wameandika "suuza kopo lako"!

Musyé Albert anasema chokaa yangu ndiyo iliyozigeuza tomati manjano, lakini zitapona: tangi linamwagwa, kokoto zinaoshwa, tunaanza na maji mapya. Bustani haifungwi, kazi inabaki yangu. Nikanyoosha mkono nipokee ufunguo. Akampa Mama Zaina.

"Yeye anajuaka kusuuza," akasema.

Kwa hiyo kuanzia kesho, kila asubuhi, mimi na sekondari yangu tutabisha hodi mlangoni kwa muuza achari, tuombe ufunguo, tuoneshe kopo kwanza.

Msicheke. Nimewaambia msicheke! Atakayecheka, akija kunitembelea nitampa maji ya kunywa kwenye kopo la baba, na litakuwa linawaka.