Unga wa Mheshimiwa na Beti Zangu Thelathini na Mbili

Kikundi cha Ngoma cha Bagalu,
Katoro, Geita.
14 Julai

Mheshimiwa Diwani Scolastika,
Mlezi wa Kikundi.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TABIA YAKO YA KUSEMA UKWELI MSIMU WA NGOMA

Mheshimiwa, au niseme Mama Cornel kama tulivyozoea,

Kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia, na kwa cheo mimi ndiye wa kukuamkia, kwa hiyo nimeamua tusiamkiane kwanza. Salamu ziko mwisho wa barua. Nimeziweka huko makusudi, ili hasira yangu isipoe njiani.

Mimi ni Herman Jilala, manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa Bagalu hapa Katoro kwa miaka ishirini na sita. Najua unanijua. Lakini katibu wetu, Masudi, anasema malalamiko ya maandishi lazima yaandikwe kana kwamba hamjuani, maana hujui yataishia mezani kwa nani. Basi naeleza yote kama kwa mgeni, na wewe nivumilie.

Kila mwaka baada ya mavuno sisi Bagalu na wenzetu Bagika tunacheza mbina, yaani ngoma ya mashindano. Uwanja ni mmoja, saa ni moja, kila kikundi upande wake. Watu wakihamia kwako umeshinda. Wakihamia kwa mwenzako, unabaki na ndugu zako. Mwaka jana nilibaki na mke wangu Asteria na mbuzi wawili, na Asteria mwenyewe alikuwa ametazama upande wa pili. Mlezi wetu ni wewe. Mlezi wa Bagika ni Mheshimiwa Mayala, diwani wa kata jirani, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye suti moja ya kaki.

Mwezi wa sita Mungu akatukumbuka. Gazeti la Tarumbeta la Ziwa lilitoa ukurasa wa mbele picha ya Mayala akiwa kifua wazi, mweupe kuanzia utosini hadi kiunoni, mikono juu, macho ameyafumba, na akina mama wawili waliotugeuzia mgongo wakimpiga kwa fagio za chelewa. Juu yake maandishi makubwa: DIWANI MZEE WA KANISA ANASWA AKIZINDIKWA. Ndani ikaelezwa kwamba wale akina mama ni wasaidizi wa mganga, kwamba dawa ilikuwa ya kuvuta watu uwanjani na kura barazani, na kwamba mwandishi alishuhudia kwa macho yake.

Mheshimiwa, manju hamwombi Mungu zaidi ya hapo. Nilijifungia siku kumi na nane, nikatoka na wimbo wa beti thelathini na mbili, na hakuna ubeti hata mmoja ambamo Mayala amepumzika. Wachezaji wakaushika. Watoto wa jirani wakawa wanauimba wakienda kuchota maji. Kwa mara ya kwanza tangu tumeoana, Asteria aliniuliza nitavaa nini siku ya mbina.

Ndipo ukasimama wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya mbina uliacha kanisa lako ukaenda kanisa la Mayala, ukaomba nafasi wakati wa matangazo, ukasema mbele ya watu wazima na watoto: "Huo unga ni wangu. Gunia langu lilipasuka mashineni akiwa ananinyanyulia, likammwagikia lote. Mnaowaona wanamkung'uta ni mimi na mwenye mashine." Ukakaa chini. Masudi ameyahesabu maneno yako, hayafiki thelathini. Mimi nilikuwa na beti zaidi ya hapo.

2. Kwamba hukulazimishwa na mtu. Katika picha ile ulionekana mgongo, na mgongo hauna jina. Ungeweza kuupitisha sokoni Katoro mwaka mzima na mtu asiuamkie.

Hapa naomba nichanganye malalamiko, kwa sababu na Mayala naye hana nafuu. Alipoulizwa alisema ni unga, basi. Walipomuuliza unga wa nani, akanyamaza. Kanisani wakamsimamisha uzee. Wakwe wa binti yake Generosa wakatuma ujumbe kutoka Shinyanga kwamba harusi isubiri kwanza hadi habari ya mganga ieleweke, na binti akawa hatoki ndani. Baba mtu akaendelea kunyamaza. Kumbe hakutaka kukutaja kwa sababu mlikuwa mnagombea kiti kimoja, akaona watu watasema anakuvuta matopeni akuangushe. Wiki tatu mtu amebeba aibu kwa ajili ya mgongo wa mshindani wake. Nauliza kwa heshima: watu wawili wakifanya hivyo katika tarafa moja, sisi watunzi wa nyimbo za matusi tutakula wapi?

3. Kwamba kiti chenyewe umekikosa. Umakamu Mwenyekiti wa Halmashauri ulikuwa umeshaushika mkononi. Siku tatu baada ya kusimama kanisani, kura zikapigwa, Mayala akakushinda kwa kura mbili, na wewe ukawa wa kwanza kwenda kumpongeza. Kikundi chenye mlezi Makamu hukaa upande wa uwanja wenye kivuli. Jumamosi, siku ya mbina, sisi tulikaa juani. Ngozi za ngoma zetu zilikaza hadi zikawa zinalia zenyewe.

4. Malalamiko ya nne yalikuwa makali. Asteria ameyasoma na ameyafuta.

5. Kuhusu mwandishi. Baada ya wewe kusema, mambo yalifumuka huko Geita. Mwandishi, kijana Wiliam, alikiri kwamba siku ile hakufika Katoro kabisa. Alipokea picha kwenye simu, akaagiza chai na chapati kibandani, akashuhudia kwa macho yake akiwa hapo hapo. Ikabainika habari nyingine kumi na moja zimeshuhudiwa kutoka kibanda hicho hicho, na gazeti zima likaingia katika kashfa. Wiliam akaja Katoro kuomba radhi. Vijana wa bodaboda walimzunguka stendi, na hawakuwa na mpango wa kumwuliza nauli.

Sasa sikiliza alichofanya Mayala. Alikuja, akampakia Wiliam kwenye pikipiki yake mwenyewe, akampeleka kwake, akamlisha ugali na sato, wakakaa wakazungumza hadi jua likapungua, akamrudisha barabarani na kusimama naye mpaka akapata gari la Geita. Hakudai fidia. Aliomba kitu kimoja tu kiandikwe gazetini, kwamba gunia lilipasuka kwa uzito wala si kwa uzembe wa mwenye mashine, kwa sababu mama wa watu alikuwa ameanza kukosa wateja.

Huu si ubinadamu, Mheshimiwa, huu ni uchokozi. Mtu akichafuliwa jina, desturi ni akasirike. Yeye alipokataa kukasirika, hasira yote ya Katoro ikakosa mwenyewe. Ikaanza kuzunguka mitaani kutafuta mtu mwingine aliyemsema vibaya, na mimi ndiye niliyekuwa na wimbo.

6. Mbina yenyewe. Nilitoka mbele na kofia yangu ya manyoya, nikaanza ubeti wa kwanza, nikasubiri kuitikiwa. Wachezaji wangu mwenyewe, niliowafundisha kucheza na jembe na kuitikia wimbo, walikuwa wanatazama viatu. Mmoja akanong'ona kwamba mama yake alikuwepo kanisani. Nikaimba peke yangu beti zote thelathini na mbili, nikiitikia mwenyewe, kwa sababu wimbo haukatizwi. Watu walihamia kwa Bagika hata kabla sijafika ubeti wa tano. Safari hii mbuzi nao waliondoka.

Nilipomaliza, mtu mmoja alikuwa amebaki upande wangu. Ni Mayala. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, akaja kunipa mkono na kuniambia ubeti wa kumi na moja umekaa vizuri sana. Mheshimiwa, ni kweli ubeti wa kumi na moja ndio bora. Hakuna mwingine aliyeligundua hilo. Tangu siku hiyo silali sawasawa.

Baada ya kueleza hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe:

Kwanza, usiseme ukweli wowote kati ya Juni na Agosti. Miezi tisa inayobaki ni yako, sema utakavyo.

Pili, urudi kanisani kule ukafafanue. Sikuombi useme uongo. Sema tu kwamba kuwepo kwa unga hakuzuii kuwepo kwa dawa, na kwamba wewe ulikuwa unashughulika na fagio, huwezi kujua kila kilichotokea.

Tatu, na hili nimelifikiria sana. Wimbo una beti thelathini na mbili zenye vina na mapigo yake. Ukweli una sentensi tatu. Kikipatikana kimoja cha kubadilishwa, mwenye akili atabadilisha kilicho kifupi. Kwa hiyo naomba umshawishi Mheshimiwa Mayala akubali kuzindikwa kweli, mchana kweupe, mahali anapopenda mwenyewe. Mganga nitamtafuta mimi, na atakuwa mtu mstaarabu. Asipende dawa, hata maji yanatosha. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mimi naomba lije tu. Likishakuja, gazeti litakuwa limesema kweli, Wiliam, ambaye gazeti limemfukuza, atarudishiwa kazi, wimbo wangu utasimama, na Mayala, kwa moyo alio nao, nina hakika atanisamehe kabla sijamwomba.

Nne, yasipowezekana hayo, kikundi kitafute mlezi mwingine. Awe mtu wa kawaida, mwenye kasoro za kutosha, ambaye akiona adui yake anaanguka anakaa pembeni kama sisi wote.

Sina chuki nawe, Mama Cornel. Nimeandika kwa uchungu wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri halafu kazi ikakosa mahali pa kukaa.

Sasa shikamoo, kwa cheo. Na marahaba, kwa umri. Wasalimie Cornel na wadogo zake, mwambie baba yao ile tairi ya baiskeli nimeipata. Msalimie mama wa mashine. Wasalimie wote waliokuwepo kanisani siku ile, isipokuwa waliopiga makofi.

Wako katika utunzi,

Herman Jilala,
Manju.

Nakala: Mheshimiwa Mayala (imeandikwa, haitatumwa).

Nyongeza: Mama Cornel, bahasha nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi, nimeichana. Kama umeanza kusoma juu, acha, anza hapa.

Asubuhi hii Tarumbeta la Ziwa limetoka. Safari hii picha ni yangu, na kofia ya manyoya. Gazeti linajisafisha. Limeandika kwamba si wao waliotunga habari ya mganga, kwamba waliletewa yote na manju wa Bagalu, Herman Jilala, na wao wakaamini. Asteria amekwenda kununua chumvi, muuzaji akamhudumia bila salamu. Bodaboda wawili wamenipita nikiwa nimenyoosha mkono.

Ni uongo. Habari ya mganga sikuileta mimi. Ila picha niliipiga mimi. Nilikuwa mlangoni pa mashine na debe langu la mahindi, gunia likapasuka, nikacheka hadi nikakaa chini, nikapiga, nikamtumia Wiliam naye acheke, maana ni mtoto wa dada yake Asteria. Chini yake niliandika tu kwamba Mayala leo kawa mzungu. Neno mganga sikuliandika. Lakini nililiona gazetini, nikajua si kweli, nikachukua kalamu nikaanza ubeti wa kwanza. Nilijua ni unga, Mama. Siku zote kumi na nane nilijua ni unga.

Wiliam amenipigia simu sasa hivi akilia, anasema wakubwa wake wamelitoa jina langu kwenye simu yake. Ananiambia siku ile alipolishwa sato alimwonyesha Mayala simu, pamoja na namba iliyotuma picha. Mayala aliitazama, akamrudishia, akamwambia jina hilo asilitaje popote, kwa sababu manju akishavunjiwa heshima hivyo hataimba tena, na Bagika hawana mwingine wa kushindana naye. Kwa hiyo siku aliponipa mkono uwanjani alikuwa anajua.

Naomba Jumapili usimame tena. Kanisa lolote. Sema kilicho kweli tu, kwamba Herman ni mpumbavu lakini mganga hakumtunga yeye, na picha ilikuwa ya kucheka. Watu watakuamini wewe, mimi hawaniamini tena. Miezi niliyokukataza sahau, sema hata leo.

Ukiona huwezi, sitakulaumu. Nitakwenda kwa Mayala mwenyewe. Naomba basi unijibu hili moja tu, kwa huyu mtoto anayeleta barua: mtu akishafika mlangoni kwa aliyemwimbia beti thelathini na mbili, anaanza kwa kusema nini?